Fundi Aliyefika Saa Moja Kamili

Kabla hujasema nimetia chumvi, fanya hivi: njoo Ilala, uliza nyumba ya Mama Zuwena muuza zipu, pita ukumbini moja kwa moja mpaka uani, ingia bafuni, mwaga ndoo moja ya maji. Halafu simama uangalie maji yanaelekea wapi. Ukitoka hapo ndiyo uniambie mimi ni muongo. Nina miaka ishirini na mbili nauza zipu, vifungo na nyuzi Kariakoo. Siuzi hadithi. Niliyoyaona niliyaona mchana kweupe, siku ya Ijumaa, nimeshakunywa chai na miwani yangu iko usoni.

Nyumba yenyewe ni ya marehemu mume wangu. Ni nyumba ya zamani, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani kuna jiko, choo na bafu. Baba yake Zuwena alipozidiwa alinishika mkono akasema, "Mwanangu aolewe akitokea mlango huu." Nikamwambia ndiyo. Hakuniomba kitu kingine, wala hakuishi sana baada ya hapo.

Sasa Zuwena kapata mchumba, siku ya harusi imepangwa, na hapo ndipo alipoingia wifi yangu, Bi Rukia, dada wa marehemu. Bi Rukia ana nyumba Mbezi, mpya, ya mageti. Alikuja akachungulia bafu langu, sakafu imepasuka, maji yanatuama pembeni, akajifunika pua na mtandio kama vile kaona mzoga. "Wifi," akasema, "wageni wa wiki nzima wataogea kwenye hili shimo? Mwali atasingwa humu?" Nikamwambia nitalitengeneza. Akasema sawa, Jumamosi kabla ya wiki ya harusi nakuja kuangalia. Likiwa halijakamilika, harusi inahamia kwangu. Na wajomba na baba wadogo wote walikuwa upande wake, maana kwake kuna feni za kutosha.

Kwa hiyo ungenikuta kipindi kile ungenihurumia. Wengine wanahangaikia mapambo na ukumbi, mimi nalala na kuamka nawaza sakafu ya bafu. Lile bafu likinishinda, binti yangu anatokea mlango wa Mbezi, na mimi nitakuwa nimemdanganya mtu aliye kaburini.

Nikaenda Buguruni, kwenye kijiwe wanapokaa mafundi kusubiri kazi. Nikampata Fundi Mwinshehe. Mwembamba, mcheshi, penseli sikioni, mdomo mtamu kuliko haluwa. Alikuja, akapima, akaguna, akatikisa kichwa juu ya ujinga wa fundi aliyemtangulia, maana kila fundi lazima amseme mwenzake. Akasema siku tatu. Nikamlipa yote. Najua, najua, usinitolee macho. Alisema mke wake yuko karibu kujifungua, na mimi moyo wangu ni wa karatasi.

Siku ya kwanza alivunja sakafu yote. Akachimbua mpaka udongo. Saa sita akasema anaenda mara moja kununua misumari. Bafu gani linatengenezwa kwa misumari? Lakini sikuuliza, kwa sababu aliacha mfuko wake wa vifaa, na wewe unajua fundi akiacha mfuko wake kwako maana yake atarudi. Mwiko wake, timazi yake, pimamaji yake, nyundo yake ya mpira, vyote vimo. Ni kama kaacha rehani. Nikautundika stoo kwenye msumari, nikafunga kufuli, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la khanga. Nikajiona mjanja.

Mwezi mmoja ukapita.

Bibi yake Fundi Mwinshehe alikufa mara tatu katika mwezi huo, mara mbili Kisarawe na mara moja Rufiji. Mara mvua, mara mgongo, mara pikipiki imezima. Ukimpigia anakwambia, "Niko njiani mama, nimeshafika Ilala Boma," huku nyuma yake unasikia mbuzi analia. Jina lake kwenye simu nikalibadilisha nikaandika Fundi Muongo. Nyumba nzima tukawa tunaoga kwa jirani, tumeshika ndoo na mataulo tunapita barabarani kama watu waliounguliwa nyumba. Mpangaji wangu Mama Neema, mtu wa Songea, mvumilivu, Mkatoliki wa kila Jumapili, akaanza kunitania kwamba atabatizwa upya kwa jirani.

Siku moja nikasema basi. Nikafunga meza yangu Kariakoo mapema, nikaenda Buguruni kimyakimya. Nikamkuta kijiweni anacheza bao. Aliponiona alitaka kujificha nyuma ya mkokoteni, lakini mkokoteni ulikuwa mtupu.

"Mama Zuwena! Shikamoo mama. Nilikuwa nakuja kwako sasa hivi."

"Marahaba. Unakuja na bao?"

Mafundi wote wakacheka. Akaona haya, akasimama, akaniapia pale mbele ya watu, mkono kifuani. "Wallahi mama, bafu lako nitalimaliza. Hata nikifa, nitakuja kulimaliza."

Sasa nisikilize vizuri, maana kosa langu liko hapa. Ningesema "Usiape hivyo mwanangu." Mtu mwenye akili zake angesema hivyo. Mimi nilikuwa nimechemka, jua kali, watu wanacheka, nikamnyooshea kidole nikasema, "Sawa. Nimekubali. Hata ukifa, njoo. Na uje saa moja kamili asubuhi, usije saa nne!"

"Saa moja kamili, mama," akaitikia.

Tukaachana hivyo. Siku tatu baadaye simu yake ikazimwa kabisa. Nikatuma ujumbe. Nikatuma mwingine. Sitaki kukwambia niliandika nini. Nitakwambia mmoja tu, ule mdogo: "Mungu anakuona, wewe na penseli yako." Siku tisa simu imezimwa, na Jumamosi ya Bi Rukia hiyo inakuja.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla, nilikuwa uani nasuuza vyombo. Zuwena alikuwa ameshaenda kwa somo wake, yule kungwi anayemfunda. Mama Neema alikuwa mbele barazani anakaanga vitumbua vyake vya kuuza, kama kila siku. Redio ikatangaza saa moja. Nikasikia, "Hodi. Shikamoo mama."

Nikageuka. Fundi Mwinshehe huyo, kasimama katikati ya uwanja wangu.

Nilipaswa kujua pale pale. Nakuuliza wewe uliyewahi kujenga: umewahi kuona fundi anafika saa aliyosema? Hapa Bongo? Lakini hasira hupofusha. Nikamwitikia, "Marahaba, muuaji wa mabibi wewe," na nikaanza. Nilimsema tangu kichwani mpaka miguuni. Nilimsema kwa ajili ya maji ya jirani, kwa ajili ya mbuzi, kwa ajili ya misumari.  Hakujitetea hata neno. Hiyo ilikuwa dalili ya pili.

Ya tatu, hakuomba hela ya chai. Ya nne, hakushika simu. Ya tano, nilipomaliza kusema alikuwa ameshauweka begani mfuko wake wa vifaa, na mimi katika ghadhabu zangu sikukumbuka kabisa kwamba stoo ina kufuli na ufunguo ninao kwenye pindo. Akaingia bafuni. Marumaru na simenti vilikuwa vimepangwa pale mlangoni tangu mwezi uliopita. Nikasikia anachanganya, krr, krr, krr. Kisha nyundo ya mpira, tup, tup, tup.

Niamini, ule mlio ulikuwa mtamu kuliko ngoma yoyote ya harusi. Nikakaa kwenye kigoda nikausikiliza. Nikasema moyoni, baba Zuwena, mwanao atatokea mlango wako. Nikalia kidogo, nikajifuta kwa khanga, nikabandika maji ya chai ya fundi.

Saa nne simu yangu ikaita. Naangalia kioo: Fundi Muongo.

Nikashangaa, mtu yuko hatua kumi kutoka nilipokaa, ananipigia simu? Nikajua ndiyo hivyo, simenti imemwishia na anaona aibu kuniambia usoni. Nikapokea. "We naye, huwezi kuita?"

Sauti ya mwanamke. "Samahani, naongea na Mama Zuwena wa Ilala?"

"Ndiyo mimi."

"Shikamoo. Mimi ni mke wa Fundi Mwinshehe. Nawapigia watu wake wa kazi. Mwinshehe ametutoka, mama. Alifariki juzi usiku hospitali, tumemzika jana Kisarawe baada ya alasiri."

Unajua nilifanya nini? Naona aibu mpaka leo. Nilicheka. Nilisema, "Mwanangu, bibi yake amekufa mara tatu nimevumilia. Safari hii ameona ajifishe mwenyewe? Mwambie asinifanye mtoto. Yuko bafuni kwangu anapanga marumaru."

 Kisha nikasikia watu wengi nyuma yake, kilio cha chini kwa chini, na mtu anasoma Kurani. Kilio cha msibani hakiigizwi, nimekaa misiba mingi. Yule mama akasema taratibu, "Alikuwa wodini siku nane. Simu niliizima mimi ili apumzike. Nimeiwasha leo nimekuta jumbe zako."

 Na kule bafuni, tup, tup, tup.

"Jana pale kaburini," akaendelea, "kaka yake alisimama akatangaza, mwenye kumdai marehemu ajitokeze, au amsamehe. Wewe hukuwepo, ndiyo maana nakupigia. Alikutaja sana wodini. Alikuwa anasema, Mama Zuwena atanisema."

 Nilikata simu, nikaenda mpaka mlango wa bafu kwa kunyata, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nikachungulia.

Sasa ngoja nikueleze jambo la kiufundi, usilipite haraka. Fundi akipanga marumaru huanzia ukuta wa ndani kabisa, anarudi nyuma nyuma mpaka mlangoni, ili amalize akiwa nje. Hata fundi wa siku moja anajua hilo, vinginevyo atazikanyaga zikiwa mbichi. Fundi Mwinshehe alikuwa ameanzia mlangoni. Amepanga kwenda ndani, mstari kwa mstari, na amechuchumaa kwenye pembe ya mwisho kabisa, mgongo ukutani. Kati yake na mimi ni marumaru mbichi tupu, simenti inang'aa maji, hakuna alama ya unyayo hata moja. Dirisha la bafu langu halipitishi hata paka.

Nakuapia niliogopa, lakini mdomo wangu una mazoea yake. Ukasema wenyewe, "Sasa wewe hapo utatokaje?"

Akainua uso. Hana jasho hata tone, Dar es Salaam, saa nne, ndani ya bafu la bati. Akatabasamu tabasamu lake lile lile. "Usijali mama. Mimi nitatoka."

Nikarudi nyuma nyuma mpaka mbele barazani kwa Mama Neema. Nikamuuliza, "Mama Neema, fundi alipoingia leo ulimwona?"

"Fundi gani? Nimekaa mlangoni hapa tangu saa kumi na moja, katoka Zuwena tu, hajaingia mtu."

"Njoo usikilize."

Akaja mpaka katikati ya ukumbi, mwiko wa kugeuzia vitumbua mkononi. Tup, tup, tup. Nikamweleza habari ya simu. Akapiga ishara ya msalaba mara tatu na mafuta ya vitumbua yakanirukia. "Mama Zuwena! Mfukuze! Mwite shehe! Mimi nampigia katekista!"

"Nimfukuze na imebaki safu moja?"

"Dada, yule ni maiti!"

"Najua ni maiti. Bi Rukia anakuja kesho."

Alinitazama kama vile maiti ni mimi. Unaweza kunihukumu, hata yeye alinihukumu. Lakini fikiria. Nikipiga kelele, watu watajaa, yule atatoweka, bafu litabaki hivyo hivyo, kesho wifi atamfungia virago binti yangu. Fundi mzima alinikimbia mwezi mzima. Huyu ndiye wa kwanza kufika kwa wakati. Nikasema, Mungu nisamehe, amalize kwanza. Nikarudi uani, nikakaa kwenye kigoda changu, nikasoma kila aya ninayoijua, nikichanganya za kulala na za safari. Na chai yake nilimmiminia, nikaiweka mlangoni. Haikuguswa. Iliota utando pale pale.

Ilipolia adhana ya Ijumaa, nyundo ikanyamaza. Mtaa wetu saa hiyo huwa mtulivu, wanaume wote msikitini, hata mashine za kuchomelea za jirani zimezimwa. Nikamsikia anaita, "Mama Zuwena, tayari."

Nikaenda. Ningefanyaje? Marumaru zilikuwa zimekauka ngumu kama zimekaa mwaka, saruji nyeupe imejaa kwenye viungo, safi, zimenyooka. Yeye amesimama kwenye pembe ile ile, mfuko begani, penseli sikioni.

"Mama, niachie," akasema.

"Nikuachie nini, mwanangu?" Ndiyo, nilimwita mwanangu. Hasira ilikuwa imeisha, na mahali pake palikuwa na kitu kizito.

"Neno langu. Jana waliita wanaonidai, hukuwepo. Niliapa mbele ya watu, nawe ukakubali mbele ya watu. Siwezi kulala. Sema umeniachia."

Machozi yakanitoka. Niliziona zile jumbe zote machoni, moja baada ya nyingine, na yeye kalala wodini. Nilitaka kusema pale pale, nimekuachia, nenda salama. Neno lilikuwa ulimini. Lakini miaka yote hii Kariakoo nimezoea kitu kimoja: zipu siipokei mpaka niivute juu na chini. Mkono wangu ukachukua ndoo iliyokuwa pale mlangoni, ukaimwaga bafuni, niione kazi.

Maji yakasimama kidogo, kama yanayofikiria. Tundu la kutolea maji liko kule ndani, kwenye pembe aliposimama. Maji yakageuka, yakaja mlangoni. Yote. Yakanipita miguuni, yakalowesha kandambili zangu, yakatiririka mpaka uani na kuzoa kikombe cha chai.

Nikamtazama. Naye akayatazama maji, akatoa penseli sikioni, akajikuna nayo kichwani, vile vile alivyokuwa akifanya akiwa hai.

"Ah, hiyo ndogo tu mama," akasema. "Mteremko kidogo. Usiwe na wasiwasi, kesho asubuhi napita naiweka sawa."

Kesho! Asubuhi! Bi Rukia akiwa humu ndani, na wanawake wa harusi wote, na maiti anakuja kurekebisha mteremko! Nilipiga ukelele mpaka njiwa wa jirani wakaruka. "Hapana! Usije kesho! Nimekuachia! Nimekusamehe! Nimekusamehe bafu, nimekusamehe mteremko, misumari, mabibi wote watatu! Hatudaiani, Fundi Mwinshehe! Duniani na akhera, hatudaiani!"

Uso wake ulilegea kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Akasema, "Ahsante mama. Ulikuwa mteja mzuri." Nikapepesa macho kwa sababu ya machozi, na pembe ikawa tupu. Marumaru zimelowa zote, na unyayo hakuna.

Mama Neema alinikuta nimekaa kwenye maji. Kitu cha kwanza nilichofanya, nilienda stoo. Kufuli limefungwa. Nikafungua kwa ufunguo wa kwenye pindo. Mfuko ulikuwa kwenye msumari wake, nilivyoutundika zaidi ya mwezi nyuma, buibui ameshafunga nyuzi kutoka kwenye mkanda mpaka ukutani. Nikaukata ule utando, nikafungua mfuko. Mwiko ulikuwa umelowa simenti mbichi.

Jumamosi Bi Rukia alikuja na viatu vyake vya kung'aa. Akakuta bafu linameremeta. Akazunguka, akapapasa ukuta, akatafuta la kusema, akakosa. Kisha akafungua bomba anawe mikono. Maji yakamfuata mpaka mlangoni, akatoka mbio amekunja gauni, viatu vimelowa.

"Wifi, mbona maji yanarudi huku?"

"Ndiyo mtindo wa siku hizi," nikamwambia. "Unaosha na uani papo hapo."

Mama Neema alikohoa akaenda kugeuza vitumbua. Bi Rukia akakung'uta viatu, akasema, basi, ilimradi pana marumaru. Na harusi ikafanyika. Zuwena alisingwa mle ndani wiki nzima, wanawake wakipokezana tambara la kuzuia maji mlangoni, wakicheka. Siku ya siku, mwanangu alitoka amefunikwa kwa mlango wa baba yake, vigelegele mpaka barabarani, nami nikabaki nimeshika fremu ya ule mlango sitaki kuiachia.

Kabla ya hapo, siku ya tatu ya msiba, nilikuwa nimekwenda Kisarawe kwa mjane. Nilimkuta na kitoto kichanga cha wiki mbili kifuani. Kumbe ile habari ya kujifungua ilikuwa kweli. Nilimpa mfuko wa vifaa. Aliushika ule mwiko, akaugusa gusa, akaniuliza kwa wasiwasi, "Mama, ile kazi yako aliiacha wapi?"

Ungesema nini wewe? Nilimwambia, "Alimaliza. Kazi safi sana. Simdai." Alilia, akaegemea bega langu, akasema sasa anajua mumewe amelala. Habari ya mteremko sikuigusa. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa kumtetea fundi, na sijautubia.

Bafu lipo mpaka leo. Nimeshaita mafundi watatu. Wanaweka pimamaji, kiputo chake kinaonyesha maji yatakwenda tunduni. Wanavunja, wanapanga upya, wanamwaga ndoo, maji yanakuja mlangoni. Wa tatu alipandwa na hasira, akaweka mkono kifuani, akaanza, "Wallahi mama, hata nife..." Nikamziba mdomo na khanga yangu. Nikamlipa ya siku ile, nikampa na kitumbua, nikamsindikiza mpaka nje. Siku hizi tumezoea tambara.

Lile jina kwenye simu nimelibadilisha. Mjane wake huwa ananipigia kila Idi kwa namba ile ile, na kila ikiita nashtuka kwanza, kisha nasoma kwenye kioo: Fundi Mwinshehe, Amemaliza.

Kwa hiyo wewe unayejenga, au unayekarabati, nakuomba. Fundi akitaka kukuapia kifo chake, mkatalie. Mwambie akifa mmemalizana. Ukiwa msibani wakiuliza nani anamdai marehemu, usikae unatafuna tende, simama useme umesamehe, na usisahau kutaja mteremko. Na ukimwona fundi wako amefika saa ile ile aliyosema, hajaomba hela ya chai, simu haigusi, usimkaribishe ndani mpaka umpigie mke wake. Lakini akichelewa, akikwambia yuko njiani na nyuma yake unasikia mbuzi, kaa chini, kunywa chai yako, umshukuru Mungu. Huyo yu hai.